Kuzima na Kuwasha Si Ufundi

Wanachuo wenzangu, niungame kabla sijalalamika. Muhula uliopita, korido yetu ilipokaa siku nne bila intaneti, sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Ilikuwa usiku, asaimenti ya saikolojia ya elimu inafungwa saa sita. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Ruta ikawa inawasha taa zote, zinazima, zinawaka tena, basi hivyo hivyo. Tukaichomoa na kuichomeka kama mara kumi. Mwisho nikatafuta pini, nikabonyeza kile kitundu cha riseti mpaka nikaridhika. Jina la mtandao, nywila na maelezo ya kuunganishwa na kampuni, vyote vikafutika. Mimi nilituma kazi kwa bando la kuazima. Jirani yangu hakuwahi, na zile alama hakuzipata tena.

Fundi alipokuja siku ya nne, alibadilisha adapta tu. Ilikuwa imechoka. Dakika mbili. Muda uliobaki alikuwa anaingiza upya nilivyofuta mimi.

Alituambia ruta ni kompyuta ndogo. Ikiwashwa inapakia programu yake kwanza, na inataka umeme uliotulia. Adapta mbovu inaweza kuwasha taa vizuri kabisa, ila ruta ikianza kazi yenyewe nguvu inapungua, inajizima, inaanza upya. Kila tulipochomoa tulikuwa tunaikatiza njiani. Na umeme ukikatika wakati programu inasasishwa, ruta inaweza isiwake tena kabisa.

Sasa hoja yangu: haya ni mambo ambayo kila korido ingepaswa kuyajua, na hakuna aliyetufundisha. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri utulie. Washa kwanza kile kiboksi cha faiba, taa zake zikitulia ndipo uwashe ruta, halafu uiache dakika tano bila kuigusa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mawasiliano ya faiba hayafiki. Angalia kama waya wake umechomoka au umekunjwa, kisha piga simu kampuni. Ruta ikijizima na kujiwasha, jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile na ampia zisizopungua. Riseti ni ya mwisho kabisa, tena kama maelezo yote yameandikwa mahali.

Najua wapo watakaosema: tumelipa ada, hiyo kazi ya kitengo cha TEHAMA. Kweli, matengenezo ni yao. Lakini umeme haukatiki saa za ofisi tu, na asaimenti haingoji fundi aamke. Usiku ule tungekuwa na adapta ya akiba na mtu mmoja anayejua kusoma taa, jirani yangu angewahi.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke ombi dogo kwa uongozi: betri ndogo ya ruta kwa kila korido, ili umeme ukichezacheza isizimike, adapta moja ya akiba, nakala ya maelezo ya mtandao kwa msimamizi wa hosteli, na wanafunzi wawili kila korido wafundishwe mchana mmoja. Hayo ni madogo kuliko malalamiko tunayoandika kila wiki kwenye grupu.

Na sisi wa ualimu tulichukulie kwa uzito zaidi. Kesho utapangiwa shule ambayo fundi wa karibu yuko mjini, nauli juu yako. Chumba cha kompyuta kikigoma asubuhi, wanafunzi arobaini watakuangalia wewe, mwalimu. Utafanya nini, utatafuta pini?

Mimi pini yangu nimeshaitupa.