Dini ya jirani aieleze jirani

Kipindi cha dini kikifika katika shule zetu za huku Sigi, darasa hugawanyika. Waislamu huenda kwa ustaadhi, Waanglikana na Wakatoliki kwa makatekista wao, na wasio na mwalimu hubaki wakipiga soga. Nimefundisha hadi nikastaafu, sasa nalima iliki, na mgawanyo huo siupingi. Ninachodai ni kipindi kimoja cha ziada kwa darasa la sita na la saba, mtoto asikie dini ya jirani kutoka kinywani mwa jirani mwenyewe.

Wenzangu husema hakuna haja, Tanga tumeshachanganyika: ukoo mmoja una Athumani na Yohana, na msibani wote tunabeba jeneza. Kweli. Lakini pilau ya Idi tumeila miaka yote, na bado wapo Wakristo watu wazima wanaodhani funga ni njaa ya mchana tu, na Waislamu wasiojua Kwaresima inaelekea wapi.

Kwa nini jirani mwenyewe? Mwaka 1923 Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Alijua Kiarabu, na kazi ilikuwa kubwa. Ila aliiandika akiwalenga hasa walimu wa Kikristo, na maelezo yake yalibishana na kitabu alichokuwa akikifasiri. Waislamu hawakuipokea. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipokamilisha tafsiri yake mwaka 1969, Dale alikuwa mmoja wa wale aliowajibu.

Mwaka huohuo wa 1969 John Mbiti, Mkamba wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, alitoa kitabu kilichotokana na mihadhara yake ya Makerere kuhusu dini za Kiafrika. Namheshimu sana, aliziingiza chuo kikuu dini zilizokuwa zikiitwa ushenzi. Hata hivyo mshairi wa Uganda Okot p'Bitek alilalamika kwamba wasomi wa namna ya Mbiti waliivisha miungu ya Kiafrika kanzu ya Kikristo. Nadhani Okot alikuwa na hoja, ingawa ulimi wake ulikuwa mkali mno.

Mfano mzuri tunao hapa chini, Muheza. Abdallah bin Hemedi, Muislamu, aliandika kitabu cha historia, Habari za Wakilindi, na misheni ya Magila ikakichapa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Mwenye habari akazieleza kwa maneno yake. Wenye mtambo wakachapa.

Wazazi wanaoogopa watoto kubadilishwa dini waruhusiwe kuketi nyuma ya darasa wasikilize. Kamati ya shule ianze kwa kuwaita ustaadhi na katekista kikao kimoja, na mzee wa tambiko naye aitwe. Huyo wa tatu najua watampinga wote wawili, tena kwa sauti moja.