Ujira wa Siku ya Pumziko

Msomaji kijana, upandapo gari la moshi Mombasa kwenda Nairobi siku ya Jumapili, kumbuka kuwa wapo watu walioamka kabla ya jogoo ili wewe usafiri: dereva, stesheni masta, fundi wa ishara na watengenezaji wa njia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Reli haifungwi kama duka. Magurudumu huzunguka siku zote saba. Sisemi yasimame. Nasema kwamba mtu si gurudumu.

Mfanyakazi wa reli adaipo siku ya kupumzika, haombi sadaka. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwapa watu wa viwanda, na wa reli wakiwamo, saa 24 mfululizo za mapumziko katika kila siku saba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaamuru vivyo hivyo: siku moja katika saba. Amri ya jumla ya mishahara nayo yaweka juma la kazi kuwa saa 52 kwa siku sita. Saa ipitayo kipimo hicho hulipwa mara moja na nusu, na saa ya siku ya pumziko hulipwa maradufu. Haki za namna hii hazikudondoka kutoka mbinguni. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari wakiwamo, waligoma siku 12 wakitaka ujira wa kuwatosha.

Kwa nini maradufu? Wako wadhanio kuwa malipo haya ni zawadi ya mwajiri. La, hasha! Ni boma la kulinda mapumziko. Kazi ya siku ya pumziko imefanywa ghali ili mwajiri asiitake ovyo, aitake kwa dharura tu.

Wapinzani wetu husema, "Wafanyakazi wenyewe huipenda Jumapili, huigombea kwa ajili ya ovataimu." Ni kweli, wengine huigombea. Lakini uliza sababu yake. Mtu ambaye mshahara wa siku sita haumfikishi mwisho wa mwezi hachagui, husukumwa. Huuza usingizi wake apate karo ya watoto, na mnunuzi husema kuwa amependa mwenyewe. Hiari ya namna hiyo ni hiari ya jina tu.

Tena uchovu huo si wa mchovu peke yake. Tazama jambo lililotokea Uingereza. Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction, London, treni ziligongana na watu 35 wakafa. Ishara haikugeuka nyekundu ingawa treni ilikuwa imesimama mbele, kwa kuwa waya mkuukuu haukuondolewa ipasavyo katika kazi iliyofanywa Jumapili, tarehe 27 Novemba. Uchunguzi ulionyesha kuwa fundi wa kazi ile alikuwa amepumzika siku moja tu katika majuma 13. Hakuwa mvivu, bidii yake ilipita nguvu zake. Wakubwa pia walilaumiwa, kwa sababu kazi yake haikukaguliwa. Je, fedha alizopata kwa Jumapili zile zaweza kufidia uhai wa abiria hata mmoja?

Basi madai ya haki ni matatu. Mshahara wa siku sita utoshe kuendesha nyumba. Saa za ziada zilipwe kamili, bila kupunjwa wala kucheleweshwa. Na aliyefanya kazi Jumapili apewe siku nyingine ya kupumzika, wala siku hiyo isinunuliwe kwa bei yoyote. Atakayepata malipo bila pumziko amepata nusu ya haki yake, na nusu iliyobaki ndiyo ilindayo maisha yako wewe uliyeketi behewani.

Kesho, msomaji, huenda ukawa mfanyakazi au mwajiri. Utakuwako mtu wa kukunong'oneza ule msemo wa zamani, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Mjibu bila hofu kwamba msemo huo ni wa ukatili, na katika reli ni wa uongo pia, maana huko punda akianguka, mzigo haufiki.