Msondo au Sikinde? Tubishane, Ila Kwanza Tusikilize

Msimu wa kukausha tumbaku ukifika, vijiji vyetu vya Ushetu havilali. Moto wa bani hauachwi peke yake. Ukizidi, majani yanaungua. Ukipungua, yanaharibika rangi na mkulima anapunjika daraja sokoni. Basi watu hukaa zamu usiku kucha, siku baada ya siku, wakiwa na redio au simu yenye kadi iliyojaa nyimbo za zamani. Hapo ndipo ubishi unapoishi. Tumeusikia Ulowa, tumeusikia Bulungwa, na tukirudi seminarini tunaukuta kwenye mabenchi baada ya chakula cha jioni: bendi bora kupita zote ni ipi, Msondo au Sikinde?

Wapo wanaotuambia kwamba maneno hayo hayamfai mseminari, kwa kuwa muziki wa dansi ulilelewa kwenye kumbi za pombe. Hutukumbusha kwamba Cosmas Chidumule, aliyeimba “Neema” akiwa Mlimani Park, aliuacha muziki huo akaingia katika nyimbo za Injili, na kwamba Remmy Ongala wa Super Matimila alifanya hivyo hivyo miaka ya mwisho kabla hajafariki Desemba 2010. Ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kutafuta sauti nyingine ili amwimbie Mungu. Tena ukisikiliza walichokuwa wakiimba tangu mwanzo, utakuta ndoa zinazovunjika, ulevi, wazazi waliosahauliwa kijijini, kifo, umaskini. Padre atakayepangwa parokia ya Ushetu atayasikia mambo hayo kila Jumamosi katika kiti cha maungamo. Hatuoni hasara akiwa ameyasikia kwanza kwenye redio.

Ubishi wenyewe si wa kwetu tu. Huko Uingereza na Marekani wazee wenye mvi bado wanagombana kuhusu miamba ya roki: Led Zeppelin au Deep Purple au Black Sabbath, na albamu ipi iwe ya kwanza. Wao wana jambo moja linalowasaidia. Mtu akisema Paranoid ya Black Sabbath ya mwaka 1970 inaizidi Led Zeppelin ya nne ya mwaka 1971, anayembishia anaweza kuitoa santuri ile ile, akaiweka, wakasikiliza wote upande wa kwanza na wa pili, halafu wakaendelea kugombana.

Sisi hatuna hilo. Bendi zetu nyingi hazikurekodi albamu. Zilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga moja kwa moja, na wimbo ukabaki kwenye kanda za redio. Nyingine zilifika Nairobi kutoa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Patrick Balisidya wa Afro 70, ambaye kwa gitaa na kinanda chake cha umeme tunamwona jirani wa karibu zaidi wa hao wa roki, alitoa albamu ya Bado Kijana mwaka 1979 pamoja na kundi la Uswidi liitwalo Archimedes Badkar. Wangapi kati ya wanaobisha mabanini wameisikia yote? Tunachokijua ni kile ambacho mtangazaji alichagua kutupigia. Mtu anaitetea Msondo kwa nyimbo nne na mwenzake anaitetea Sikinde kwa nyimbo tano, na wote wawili wanapandisha sauti kama waliokuwa wakiingia ukumbini kila wikiendi.

Kuna jambo lingine ambalo mashabiki huliruka. Msondo, iliyozaliwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, ndiyo iliyomtoa Muhidini Gurumo. Na Gurumo huyo huyo ndiye aliyekuwa kati ya walioianzisha Mlimani Park mwaka 1978, ile inayoitwa Sikinde. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound, wana Ndekule, na baadaye akarudi alikotoka. Hassan Bitchuka naye aliimba NUTA kabla hajawa sauti ya Sikinde. Kwa hiyo shabiki anayeapa kwamba Sikinde hawajui kuimba anawatukana watu waliokuwa wa kwake jana. Mtume Paulo aliikuta hali hiyo Korintho, watu wakijigawa kwa majina ya Paulo, Apolo na Kefa, wakati wenye majina wenyewe walikuwa wakifanya kazi moja.

Na majina hayo yalipata nini? Gurumo alistaafu mwaka 2013 baada ya nusu karne jukwaani, na gari alilopata lilikuwa zawadi kutoka kwa Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa. Mwaka uliofuata akafariki. Mashabiki waliokuwa tayari kupigana kwa ajili yake walikuwa wengi sana.

Usukumani tunalifahamu jambo hili kwa undani kuliko watu wa Dar es Salaam, maana tulikuwa na Msondo na Sikinde yetu kabla gitaa halijafika. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyotokana na Ngika na Gumha, waganga wa karne ya 19, vinashindana mpaka leo. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wakihama, umeshindwa. Ndiyo maana wachezaji wakabuni mambo ya ajabu, nyoka, nungunungu, majembe yanayorushwa juu. Ndiyo maana pia dawa ya kuvuta watu ikawa sehemu ya mchezo. Kipimo kikiwa ni wingi wa watu, kila mtu atatafuta njia ya kuwapata, awe amecheza vizuri au vibaya.

Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliyetoka Kanada, aliyaona hayo alipokuwa Bujora, kule Kisesa. Angeweza kuyapiga marufuku mashindano, na wengi wa rika lake wangemwelewa. Hakufanya hivyo. Aliyaunganisha na sherehe ya Ekaristi Takatifu, mwezi wa Juni, yakapata jina la Bulabo, kutokana na maua yanayotandazwa mbele ya Sakramenti kwenye maandamano. Bagika na Bagalu wakaja na ushindani wao wote, lakini wakaja kwenye sikukuu ambayo si ya Ngika wala ya Gumha. Kwa maoni yetu hilo ni miongoni mwa mambo ya busara kabisa yaliyofanywa na Kanisa katika nchi ya Wasukuma, na halisomwi vya kutosha katika madarasa yetu.

Tunalisema kwa sababu ubishi wa mabanini si mzaha mtupu. Watu wale wale, na masikio yale yale, Jumapili wanakaa kanisani kuzipima kwaya. Parokia nyingi zina kwaya mbili au tatu, na siku hizi kwaya ndizo zenye albamu: kuna uzinduzi, kuna mgeni rasmi, kuna sare mpya, kuna video na idadi ya waliotazama. Ikifika tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, utasikia maneno yale yale ya Msondo na Sikinde. Mwimbaji akihama kwaya anaitwa msaliti. Tunajua jumuiya ndogo ndogo ambazo watu wameacha kusalimiana kwa sababu ya kinanda. Na ukiuliza wimbo gani wa kwaya ile nyingine una kasoro, na kasoro hiyo iko wapi, sauti ya pili au besi, hupati jibu. Hawajausikiliza. Walitoka nje ulipoanza.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu mdogo, kwanza kwetu seminarini, halafu kwa vijana wa parokia wakati wa likizo. Anayetaka kuisifia bendi yake alete wimbo mmoja wa bendi hiyo na mmoja wa mpinzani. Zote mbili zipigwe hadi mwisho, kuanzia sehemu ya taratibu yenye kisa hadi chemko. Hakuna kusema mpaka gitaa la mwisho linyamaze. Kisha aanze kwa kusema uzuri wa ule wa mpinzani. Walimu wa kwaya wanaweza kulijaribu jambo hili hili, na tungependa kusikia lilikwendaje.

Na kwa wanaotaka kujua msimamo wetu: wengi wetu tunaegemea Sikinde ya miaka ya 1980, kwa jinsi King Michael Enoch alivyozipanga gitaa na tarumbeta zisikanyagane, kila moja ikisubiri nafasi yake. Wenzetu wenye asili ya Nzega wanasema tumeanza kuhesabu kwa kuchelewa, na kwamba kabla ya hao wote kulikuwa na Western Jazz na Saboso yao. Wameahidi kuleta kanda.