Pee Wee Ellis hakuwa msindikizaji

Jamani, tuache uvivu. Kila anayeandika kuhusu fanki anamtaja James Brown, kisha wino unakauka. Wakati "Cold Sweat" ya 1967 ina watunzi wawili: Brown na Alfred "Pee Wee" Ellis, mpuliza mdomo wa bata aliyeiongoza bendi ile. Ellis mwenyewe alieleza: Brown alimgugumia wazo, yeye akaligeuza kuwa noti, na mlio wa matarumbeta akauchota kwenye "So What" ya Miles Davis. Ndiyo, jazi! Si alifundishwa na Sonny Rollins? Baadaye akampangia Van Morrison muziki, bado tukamwita msindikizaji. Sisi tunaogombana kutwa jina la mfasiri liwekwe kwenye jalada, hapa mbona kimya?