Baisikeli si Aibu

Wasomaji wetu, liko jambo moja linalotutaabisha sisi walimu wa vijijini, nasi tumeona ni afadhali kulitia katika gazeti hili kuliko kulinung'unikia barazani. Jambo lenyewe ni hili: katika vijiji vyetu baisikeli imekuwa kitu cha kuonewa aibu. Kijana apatapo fedha yake ya kwanza ya pamba au ya mpunga, hutafuta pikipiki. Na yule asiyeweza kuinunua hupanda ya mwenziwe kwa nauli, hata kama aendako ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Baisikeli ya babaye imeegemezwa nyuma ya nyumba, matairi hayana upepo, na kuku hulala juu ya kiti.

Twasema ya kwamba aibu hiyo haina maana, nayo yatugharimu sana. Twataka kuionyesha gharama yake, kisha tuseme yatupasayo kutenda.

Tuanze na nchi yenyewe. Sisi twaandika kutoka Usukuma. Watu wa Usambara na wa Uchagani waweza kusema ya kuwa milima yawazuia, nasi hatutashindana nao. Lakini pande zetu za Shinyanga na Kahama na Maswa ni nchi ya tambarare kwa sehemu kubwa, na tangu zamani watu wake wamejulikana kwa baisikeli. Wazee wakumbuka Raleigh na Phoenix na Swala, nao wakumbuka jinsi mwenye baisikeli alivyohesabiwa kuwa mtu aliyefanikiwa. Magunia ya mpunga, madumu ya maziwa, mabati ya kuezekea, mgonjwa na hata bibi arusi, wote walichukuliwa juu ya magurudumu mawili. Hata jina la bodaboda ambalo vijana hujivunia lilizaliwa na baisikeli. Mpakani pa Kenya na Uganda, pande za Busia, vijana walikuwa wakipakia abiria juu ya keria na kuwavusha kutoka upande mmoja hata wa pili, wakaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Pikipiki ilikuja baadaye ikalirithi jina hilo. Basi chombo chenyewe hakikugeuka. Yaliyogeuka ni macho ya wanaokitazama.

Sasa na tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Mtu aendaye kwa miguu hupata kama kilomita 5 kwa saa. Kwa baisikeli, katika njia njema na bila kujitesa, hupata kilomita 15. Mtoto akaaye kilomita 6 kutoka shule ya sekondari hutumia saa 1 na dakika 12 asubuhi, na kadhalika jioni, yaani saa 2 na dakika 24 kila siku. Kwa baisikeli angetumia dakika 24 kwenda na dakika 24 kurudi. Tofauti yake ni saa 1 na dakika 36 kwa siku. Na kwa siku tano za shule ni saa 8 kamili. Hiyo ni siku nzima ya masomo ipoteayo njiani kila juma, nasi twashangaa mbona watoto wasinzia darasani.

Tuje kwenye fedha. Kwa bei ya pikipiki moja mpya mtu aweza kununua baisikeli mpya nane au kumi. Na kununua pikipiki ni mwanzo tu wa gharama, maana haiendi hatua moja pasipo petroli, na petroli yote itumikayo Tanzania hutoka ng'ambo. Mwaka 2022, vita ilipokuwa ikipiganwa huko Ukraine, bei yake ilipita shilingi 3,000 kwa lita moja, na mkulima wa Maswa asiyeijua Ukraine hata kwa ramani alilipa gharama ya vita ile. Fedha apewayo mwenye kituo cha mafuta hutoka kijijini ikaenda zake mbali. Lakini fedha apewayo fundi wa baisikeli aliyekaa chini ya mkwaju, kwa kuziba pancha au kukaza njiti, hununua chumvi katika duka la jirani na daftari kwa ajili ya mtoto wake. Huzunguka humu humu kwetu.

Tena hatuwadharau vijana wa bodaboda. Wengi wao ni wanafunzi wetu wa jana, nao watafuta riziki kwa jasho. Walakini tuitazame hali yao. Wengi hawana pikipiki zao wenyewe. Hupewa na tajiri kwa mkataba, nao wapaswa kumpelekea hesabu kila siku, wakipata abiria au wasipopata. Ndiyo sababu hukimbia kama watu waliofukuzwa, hupakia watu watatu, na hupita pembeni mwa shule bila kupunguza mwendo. Anayemwambia kijana wa namna hii aende polepole, pasipo kuutazama mzigo wa hesabu alio nao, amesema maneno matupu.

Na mwisho wa mbio hizo twaujua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 ya kwamba ajali za barabarani huua watu kama 1,190,000 kila mwaka duniani pote, na ya kuwa kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 hakuna kitu kiwauacho zaidi ya ajali hizo. Tukilinganisha vifo na hesabu ya watu, Afrika ndiyo iumiayo kupita sehemu nyingine zote, ingawa motokaa zetu ni chache. Hao wa miaka 5 hata 29 ndio tulio nao katika madaftari yetu ya mahudhurio.

Twajua yapo majibu, nasi tutayajibu moja moja.

Wako wasemao, "Je, mgonjwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa wapandishwe baisikeli?" La, hasha. Mgonjwa apate motokaa, na ikikosekana, pikipiki. Na tena tungependa kila zahanati iwe na gari lake. Hatusemi injini zifungiwe ghalani. Twasema tu ya kwamba mtu mzima mwenye nguvu, aendaye mkutanoni au sokoni au kanisani, mwendo wa kilomita mbili au tatu, si mgonjwa. Na mzigo mzito wa shamba unao mkokoteni wa ng'ombe, ambao Wasukuma waujua vizuri, nao haunywi petroli.

Wako wasemao, "Baisikeli ni chombo cha maskini." Hao twawapeleka Uholanzi, nchi tajiri ya Ulaya. Baada ya vita kuu ya pili Waholanzi nao walizipenda motokaa, wakabomoa nyumba ili kuzipanulia barabara. Mwaka 1971 peke yake watu zaidi ya 3,000 waliuawa barabarani, na miongoni mwao watoto walipita 400. Ndipo wazazi walipokataa. Waliunda chama chenye jina la kuogofya, maana yake komesheni mauaji ya watoto, wakafunga njia pamoja na watoto wao na kudai njia salama. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika duniani, serikali ikakataza motokaa kutembea siku za Jumapili kwa muda, na watu wakaona jinsi miji ilivyo mizuri bila ya ngurumo. Baada ya hapo walijenga njia za baisikeli, mwaka hata mwaka. Leo katika nchi ile baisikeli ni nyingi kuliko watu, na wafao barabarani hawafiki 1,000 kwa mwaka, ijapokuwa watu wenyewe wameongezeka. Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu wao tangu 2010 hata 2024, alizoea kuonekana akienda kazini kwa baisikeli, wala hakuna aliyemwita maskini.

Na kama Uholanzi ni mbali, tutazame hapa karibu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere, naye ni rais wa nchi, alitoka Butiama kwa miguu hata Mwanza, mwendo wa kilomita zipatazo 200, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mtu aweza kulikubali Azimio lile au kulikataa, lakini hakuna aliyesema ya kuwa rais alishuka cheo kwa kutumia miguu yake. Huko Kigali, tangu mwaka 2016, serikali ya Rwanda imekuwa ikitenga siku za Jumapili ambazo barabara kuu za mji hufungwa asubuhi zisipitiwe na motokaa, na watu wakubwa kwa wadogo hutembea, hukimbia na hupanda baisikeli humo. Basi aibu iko wapi?

Wako tena wasemao, na jibu hili ndilo lituumizalo zaidi, ya kwamba si adabu msichana kupanda baisikeli. Sisi twauliza: adabu ni nini? Kila mwalimu wa sekondari aijua habari ya msichana aliyechoka njiani, akapewa lifti ya bure leo, na kesho, na kesho kutwa, na mwisho wa bure ile akaacha shule akiwa mja mzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliozaa warudi darasani, na ni vema. Lakini ni vema zaidi asitolewe hapo kwanza. Msichana mwenye baisikeli yake hana haja ya hisani ya mtu yeyote njiani. Je, mzazi auonaye utovu wa adabu katika pedali, asiuone katika lifti?

Wala hatusemi kwa kukisia. Katika jimbo la Bihar huko India, ambako desturi ziliwabana wasichana kama kwetu au kupita kwetu, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana waingiao darasa la tisa fedha ya kununulia baisikeli. Wataalamu wa uchumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipoyapima matokeo, waliona ya kuwa wasichana walioingia sekondari wameongezeka kwa karibu theluthi moja, na pengo baina yao na wavulana limepungua kwa sehemu 40 katika mia. Na faida ilionekana zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule. Kuona wasichana wengi wakienda shuleni pamoja, kila mmoja na baisikeli yake, kukawa jambo la kawaida, na masengenyo yakakosa pa kushika.

Jibu la mwisho ni la kweli, nasi twalistahi: "Barabara ni ya hatari, motokaa zitawagonga watoto." Ndiyo, na ndiyo maana hatutaki kumpa mtoto baisikeli kisha tumwachie lami yenye mabasi. Njia ya pembeni si kazi ya wahandisi peke yao. Kijiji kilichoweza kujenga madarasa kwa nguvu zake chaweza kufyeka njia ya upana wa hatua mbili kando ya barabara, na kutupa magogo juu ya kijito, na kumwaga changarawe mahali pa mbuga ambapo udongo mweusi hushika magurudumu wakati wa masika. Tena yafaa kudai matuta na alama mbele ya kila shule, na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali hapo. Agongwaye kwa mwendo huo mara nyingi hupona. Agongwaye na iendayo 50 hatari yake ya kufa huwa kubwa zaidi mara nyingi.

Basi yatupasa kutenda nini? Kwanza, wanaotazamwa na watu watangulie: walimu, wachungaji, wazee, wenyeviti wa vijiji. Aibu huondolewa na mwenye heshima, maana maskini akipanda baisikeli watu husema hana la kufanya, lakini mwalimu mkuu akiipanda hawana la kusema. Pili, neno la njia na matuta lipelekwe katika mkutano mkuu wa kijiji, nalo liandikwe katika kumbukumbu, ili lisiwe maneno ya kilabuni. Tatu, vikundi vya kuweka na kukopa vitenge fungu la baisikeli za shule, na wasichana wakaao mbali wapewe kwanza. Nne, kila shule iwe na pampu, na vifaa vya kuzibia pancha, na mtu wa kuwafundisha watoto kuendesha, kufunga breki, na kuwa na taa na kioo chekundu nyuma wakati wa giza.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Baisikeli ndiyo mbacha wetu. Itolewe nyuma ya nyumba, ifutwe vumbi, itiwe mafuta kwenye mnyororo na upepo kwenye matairi, kabla shule hazijafunguliwa.