Hereni haizami jamani

Nimepotea kidogo, mniwie radhi. Nilikuwa BTP huko kwetu Sumbawanga, sasa nimerudi chuo na testi zimeshaanza kunikimbiza. Leo nina jambo moja tu, na limenikaa rohoni.

Siku moja nafundisha kidato cha pili kuelea na kuzama. Nikatumbukiza msumari kwenye glasi ya maji, ukaenda chini moja kwa moja. Kwa nini? Darasa zima: "Mzito, madamu!" Haya, na meli ya Liemba je? Wengi wana ndugu Kasanga, wanaijua. Mamia ya tani za chuma, mbona ilielea Ziwa Tanganyika? Kimya.

Basi nikaeleza. Chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji ya ujazo uleule, ndiyo maana msumari unazama. Lakini bamba la chuma likiundwa kama bakuli, linasukuma maji mengi, na maji hayo yanalibeba. Liemba ilikwenda chini mwaka 1916 kwa sababu Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927.

Kipindi kilipoisha, binti mmoja akanifuata, kofia ya sweta kichwani. Mwezi wa saba Sumbawanga ni baridi kali, hakuna aliyeshangaa. "Shikamoo madamu. Hata hereni yangu imezama." Akafunua. Jamani! Ndewe imevimba, mbele huoni kitu, nyuma kifungio tu. Alitogwa na mwenzake kwa sindano ya kushonea, akaficha wiki mbili kwa sababu shuleni hereni ni marufuku. Nyumbani wakamwambia ana damu mbaya.

Nasema hivi: neno "kuzama" linatudanganya. Hereni haizami sikioni kwa uzito wake, nyama ndiyo inayopanda. Kijiti kifupi, kifungio kimebanwa, sikio likivimba linakosa nafasi. Kichwa cha hereni kinakandamiza ngozi, panakuwa kidonda, ngozi inaota juu yake. Wengine nikeli ya hereni za bei poa inawawasha na kuwavimbisha. Damu mbaya iko wapi hapo?

Kwa hiyo dada zangu, sikio bichi livae hereni yenye kijiti kirefu, kifungio kilegee. Sindano ya kuchangia ni njia ya homa ya ini na UKIMWI, acheni. Ikishamezwa, usivute wala usichokonoe, nenda hospitali wapige ganzi waitoe. Binti yule tulimpeleka, ikatoka, alilia kidogo tu.

Na sisi walimu watarajiwa? Marufuku ya hereni siipingi, shule ina taratibu zake. Ila sheria inayomfanya mtoto afiche usaha wiki mbili kwa kuogopa fimbo, hiyo imeshindwa kazi. Kosa la hereni linaweza kusubiri, kidonda hakisubiri. Mtibu kwanza, mengine baadaye. Mkiona kofia ya sweta imekazwa darasani, ulizeni kwa upole. Yule wa kwangu alisema kwa sababu tu neno "kuzama" lilitajwa. Nisingefundisha mada ile, je?

Ngoja nikasome, kesho testi. Alamsiki!