Dari ikitoka malengelenge, usimvae fundi

Hebu weka gazeti pembeni kidogo, angalia juu. Kama rangi ya dari imevimba kama mkono uliomwagikiwa uji, au inaning'inia kama maganda ya mgomba, leo ni zamu yako.

Mimi yamenikuta. Si mnatujua watu wa Moshi? Desemba lazima tupande mlimani kula Krismasi, na kabla ya sikukuu nyumba ya mama kule Kibosho lazima ipakwe rangi. Miaka mitatu mfululizo nimetoa hela. Krismasi dari bomba! Masika ya Machi hadi Mei yakipita, malengelenge kama kawa.

Mwaka wa tatu nikamvaa fundi: "Umezimua rangi yangu na maji!" Hakubisha. Alipanda ngazi, akapasua lengelenge moja kwa kisu. "Mangi, gusa hapa." Nyuma ya rangi, bodi imelowa chapachapa. "Rangi haiumwi," akasema. "Inakupa taarifa tu."

Tangu siku hiyo nimekuwa daktari wa dari. Vipimo hivi hapa, bure:

Doa la duara, rangi ya chai, linalokua mvua ikinyesha: bati linavuja, mara nyingi kwenye msumari uliolegea. Ila maji hutembea juu ya kenchi kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu laweza kuwa mbali na doa. Ingia darini mchana, tafuta panapopenya mwanga.

Malengelenge jikoni au bafuni, hata kiangazi: huo ni mvuke. Mlimani usiku ni baridi. Mvuke wa ndizi zinazochemka ukigusa bati la baridi unageuka matone. Bati linatoka jasho, dari inakunywa. Hapa kugonga misumari ni kazi bure. Fungua madirisha, weka matundu ya hewa.

Rangi inabanduka ikiwa kavu, na mgongo wake una unga: ilipakwa juu ya chokaa au vumbi. Hapo sasa fundi ana kesi!

Tiba? Maji kwanza, rangi mwisho. Ziba, acha bodi ikauke kabisa, kwangua rangi iliyolegea, paka praima, ndipo upake rangi. Bodi iliyobonyea toa, isije ikakuangukia usingizini. Na wewe uliyepanga Majengo au Pasua, mwonyeshe mwenye nyumba lile doa kabla hujanunua rangi kwa hela yako.

Kwa mama ilikuwa misumari michache tu ya bati. Gharama yake haikufika hata ndoo moja ya rangi, na mimi nilishanunua ndoo za miaka mitatu!

Fundi je? Nilimpelekea jani la isale, lile Wachaga tunaloombea msamaha. Akalipokea, akacheka: "Yameisha, mangi. Ila hela yangu ya ngazi bado."

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.